Picha ya Tisa ya Mnofu

Jumatatu, 3 Machi

Wamekuja watu wa halmashauri na kopo la rangi nyekundu. Wamechora X kwenye ukuta wa studio yangu, kubwa kama mlango, bila hata kupiga hodi! Mtaro wa maji ya mvua utapita hapa, wanasema, na mtaro haukati kona. Studio hii aliifungua marehemu baba kabla sijazaliwa. Nusu ya watu wa kata hii walipigiwa picha yao ya kwanza humu ndani, wengi wao wakilia. Nikauliza ni nani anayeweza kuuhamisha huo mtaro. Mwenye brashi akajibu ni diwani, na uchaguzi ni mwezi huu huu.

Basi nagombea. Mke wangu alikuwa anakata picha za pasipoti kwenye mashine. Hakuinua kichwa. Aliniuliza tu kama nimeshakunywa chai.

Jumatano, 5 Machi

Nimechukua fomu. Mpinzani ni mmoja: Mnofu, mwenye bucha ng'ambo ya barabara. Mtu gani yule! Anacheka na kila anayepita. Anazidisha kipimo halafu anajifanya hakuona. Rushwa ya mifupa hiyo, na hakuna anayesema neno.

Jukwaani sote wawili tunautaka mtaro. Mimi nautaka upande wake. Hilo sikuliandika kwenye fomu.

Wadhamini ishirini na watano nimewapata kwa siku moja. Wote wametia sahihi na kunishika mkono kwa nguvu. Nimeanza kufikiria suti.

Ijumaa, 7 Machi

Leo Mungu kanikumbuka. Karatasi ya kura itakuwa na picha za wagombea, na katika kata nzima mpiga picha ni mimi peke yangu. Mnofu kaja mwenyewe, kanyoa, kavaa tai ya kuazima. Kauliza kama mama yangu hajambo. Nikamwambia atazame taa. Nikapiga kumi na mbili. Ya tisa kafumba macho yote mawili na kidevu kimeshuka kidogo, kama mtu aliyesinzia kwenye foleni ya zahanati.

Nikaichagua hiyo hiyo. Nikaitia kwenye bahasha, nikajitolea kumpelekea kwa karani wa uchaguzi. Akanishukuru! Akarudi na nusu kilo ya nyama.

Mke wangu kaona nakala mezani, kasema huu si uungwana. Nikamwambia hii ni siasa. Nyama tumekula.

Jumamosi, 8 Machi

Zamu yangu. Nimejipiga mwenyewe. Ya kwanza ilitoka kama picha ya mtu anayetafutwa na polisi. Nikaingia kwenye kompyuta. Nikaondoa mifuko ya macho. Nikaondoa kidevu cha pili. Nywele zilizoondoka nikazirudisha, na nyingine ambazo sikuwahi kuwa nazo nikaziongeza. Saa tatu za kazi. Kijana aliyetokea! Ningekuwa na binti nisingemruhusu hata kumsalimia.

Mke wangu kauliza huyu ni nani. Wivu tu.

Jumatatu, 10 Machi

Picha zote mbili zimepokelewa. Masharti yamebandikwa mlangoni kwa karani: mandhari nyeupe, masikio yaonekane, kofia hapana. Macho hayakutajwa. Nimetoka pale nikipiga mluzi.

Alhamisi, 20 Machi

Nimezunguka mtaa kwa mtaa na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ndiye mwenye kipaza sauti. Muuza nyanya kanisimamisha. Anampenda sana yule kijana wa kwenye bango langu, ila hana adabu. Iweje amtume mzee wake kuzunguka juani? Wenzake wakaitikia, wakanivutia kiti, wakanipa maji. Nikasema salamu zao nitazifikisha. Siku nzuri sana! Shemeji alinitazama njia nzima. Nadhani ni uchovu wa kipaza sauti.

Jumatatu, 24 Machi

Mfano wa karatasi ya kura umebandikwa ofisi ya kata. Nimejibanza kando ili nisikie watu wakimcheka Mnofu. Hakuna aliyecheka! Mwendesha mkokoteni anasema huyu amepigwa picha akisali. Bibi mmoja anasema angalau ni mtu anayepata usingizi, maana yake dhamira haimsumbui. Fundi viatu kakumbusha kwamba diwani aliyemaliza muda wake alikuwa na macho makubwa kweli kweli, na tazameni aliyoyaona na kunyamaza.

Nimerudi nyumbani kwa njia ya uchochoroni.

Jumapili, 30 Machi

Siku ya kura. Mama kapanga foleni tangu asubuhi, miwani kaisahau nyumbani. Alipotoka kanishika mkono kwa huruma, kaniuliza kwa nini nilijitoa bila kumwambia. Uso wangu kautafuta juu na chini, hakuuona. Alikuwepo kijana mmoja kama mwimbaji wa harusi, na Mnofu, mtoto wa watu, anasali. Majina yalikuwa madogo mno. Kampigia Mnofu.

Nikamsindikiza nyumbani kuchukua miwani.

Jumatatu, 31 Machi

Kura hazikutosha. Mnofu 1,806. Mimi 19.

Wadhamini walikuwa ishirini na watano! Mke wangu kasema nisimwangalie yeye, yeye alinipigia. Alinitambua kwa shati, maana ndiye aliyelipiga pasi.

Nimejifungia studio mchana kutwa. X ile inaonekana hadi ndani, rangi imepenya kwenye nyufa. Nikafikiria baba, na jinsi alivyokuwa akipanguza kamera kabla ya kunywa hata maji. Nimelia. Naandika hivyo kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu.

Jumatatu, 14 Aprili

Mnofu kaingia studio akiwa na watu wa halmashauri na kopo la rangi. Nyeupe. Wakaifuta X mbele ya macho yangu. Mtaro utapita upande wa bucha na kumega kibaraza chake. Kikao chake cha kwanza, na kaomba hilo tu.

Kisha akaniuliza kama kati ya zile kumi na mbili hakukuwa na nyingine. Nikajifanya natafuta kwenye droo. Akacheka mpaka akakohoa! Picha pekee aliyonayo ya marehemu mama yake, akasema, ilipigwa na baba yangu, kwenye chumba hiki hiki. Hawezi kukaa kwenye kiti cha udiwani na kuangalia chumba hiki kikibomolewa. Mke wangu akafuta machozi kwa kanga, akamshukuru kwa niaba ya nyumba nzima.

Mimi nilikuwa nimeshaelewa. Ananiogopa. Kwa nini mtu amege kibaraza chake bure? Na huo ushindi ni wa nani? Wa mpiga picha! Watu wanataka diwani aliyefumba macho, na siri hiyo ninayo mimi.

Miaka mitano si mingi. Nimefunga mlango, nimejipiga kumi na mbili, zote macho nimefumba. Moja imetoka safi kabisa. Zimebaki nywele.