Samaki wa Mama Mkwe na Joto la Februari

Jumatatu, 2 Februari
Mama mkwe kasafiri kwenda kumuuguza dada yake. Tangi lake la samaki kaniachia mimi. Si mke wangu, si shemeji. Mimi. Ndani mna wadogo wenye milia na yule mkubwa wa rangi ya chungwa, aliyenunuliwa na marehemu baba mkwe. Mama humwamkia kila asubuhi. Kaniambia, "Huyo ndiye mzee wa nyumba. Mtunze kuliko unavyojitunza." Shemeji, kaka wa mke wangu, anafuga samaki kwake na alijua ataachiwa yeye. Kanuna mpaka mlangoni. Sijafurahi hivi tangu nioe.

Jumanne, 3 Februari
Joto la kuchemsha ubongo. Samaki wako juu ya maji, wanahema midomo wazi. Shemeji kapita, eti kutusalimia tu. Kasema maji yakipata moto hewa ndani yake hupungua. Nifungue kifuniko, feni ipulize juu ya maji, nizime taa ya tangi, nipunguze chakula. Nimemshukuru sana. Sifanyi hata moja. Nikifanya tu, kila kikao cha familia tutasimuliwa alivyowaokoa. Nimewapa chakula maradufu, wapate nguvu. Maji yamekuwa kama supu iliyolala.

Alhamisi, 5 Februari
Barafu. Wazo langu mwenyewe. Nimemimina bakuli zima. Mzee wa nyumba kajibanza pembeni. Wadogo wawili wameelea tumbo juu. Mke wangu kauliza ningejisikiaje kutolewa juani na kutumbukizwa kwenye friji. Nikasema ningeshukuru. Hakucheka. Nimewazika kwenye kopo la maua, yeye akiwa bafuni.
Lakini hilo neno friji halinitoki kichwani.

Ijumaa, 6 Februari
Tangi halibebeki. Basi nimelisukuma friji mpaka sebuleni, nikalifungua mlango mbele ya tangi. Mbele yake baridi safi. Nyuma yake, moto kama tanuri. Kufika alasiri chumba kilikuwa kinatutoa jasho hata tukikaa kimya, maziwa yamechacha, friji limekata sauti. Mzee wa nyumba kalala ubavu.
Nimekaa, nimesimama, nimezunguka meza, nimekaa tena. Kwa baba mkwe, mama mkwe amebakiwa na samaki huyu tu. Nimejikuta namwamkia. "Shikamoo, mzee." Katikisa pezi moja.

Jumamosi, 7 Februari
Nimetoka kutafuta fundi wa friji. Sikumpata. Kurudi, nikamkuta shemeji kakunja mikono ya shati, mke wangu kashika ndoo. Yeye ndiye aliyempigia simu kaka yake. Kifuniko wazi, taa imezimwa, feni inapuliza, maji machafu wanayapunguza kidogo kidogo na kuongeza maji safi yasiyo ya baridi. Baadaye mzee wa nyumba kasimama wima, kaanza kuogelea taratibu kama mgonjwa aliyeruhusiwa. Machozi yakanilengalenga. Nikasema ni jasho.
Shemeji hakunisimanga. Kasema tu, "Feni isizimwe, shemeji." Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 9 Februari
Mama mkwe karudi. Hata mkoba hajautua, kaenda kwenye tangi kumwamkia mzee wake. Kisha kauliza wale wawili wadogo wako wapi. Nilifungua mdomo, shemeji akaniwahi. "Joto, mama. Lilikuwa kali mno." Mama akanishika mkono, akanishukuru kwa kumhifadhia mzee. Nikapokea shukrani zote, hata za feni.
Nimefikiri jioni nzima kwa nini shemeji kanifichia. Nimeng'amua: anataka niwe chini yake. Hanipati.

Jumanne, 10 Februari
Sifa zimeenea. Jirani yetu, mshonaji, kaniomba nimtunzie kasuku wake mpaka Ijumaa. Kanisihi nisimwogeshe, maji humtia kiwewe.
Ni kudekezwa tu. Beseni nimeshalijaza.