Kanuni za Kusukuma Magari Kibugu

Historia ya motokaa duniani ina siku chache tukufu. Siku gurudumu lilipovishwa mpira. Siku dereva alipopewa ufunguo, akaachana na kuzungusha chuma mbele ya gari kama anayesaga mahindi. Na siku ile ya mvua ya Aprili, miaka ya sabini, ambapo tarafa yetu, huku juu Kibugu kwenye mashamba ya chai, ilitangaza Kanuni za Kusukuma Magari. Hao wengine walijaliwa viwanda. Sisi tulijaliwa kamati, na mimi, Njoka, karani wa tarafa, nilikuwa katibu wake.

Lazima nieleze hali ilivyokuwa kabla ya maendeleo. Barabara yetu ni ya udongo mwekundu, na ikinyeshewa inakuwa sabuni. Gari likikwama, akina mama walitua vikapu vya chai, wanaume wakaacha majembe, mmoja akaita, wote wakasukuma, likatoka. Hakuna aliyeomba ruhusa. Hakuna aliyefanyiwa mahojiano. Ilikuwa fujo tupu, ila magari yalikuwa yanafika.

Tena kuna desturi moja. Gari likishachomoka, dereva hasimami mpaka apate pakavu, maana akisimama kwenye tope kazi inaanza upya. Kila mtu Kibugu anajua hivyo. Afisa wetu wa Tarafa, yaani D.O., Bwana Mithika, alikuwa amehamishwa kutoka Ruiri, ambako vumbi ndilo tatizo, na hakujua. Landrova yake ilipokwama alishuka ili asimamie kazi. Ikachomoka, ikaenda zake, na Bwana D.O. akapanda mlima kwa miguu, viatu mkononi, mbele ya soko zima. Watu walicheka. Nelius, mchuma chai mwenye sauti inayoongoza kwaya kanisani, alicheka mpaka akakaa chini.

Kesho yake kamati iliundwa.

"Kuanzia leo," Bwana Mithika alitangaza barazani, "hakuna kusukuma ovyo ovyo. Kusukuma ni taaluma. Asiye na cheti asiguse gari. Na mjue sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma!"

Tulipiga makofi ya kilo. Kanuni zilikuwa nzuri mno, nasema hivyo bila kujisifu ingawa nilizipiga taipu mimi. Niliyoipenda zaidi ni ile ya tisa, iliyopiga marufuku kumcheka ofisa wa serikali akiwa kwenye tope. Ya mwisho ilisema kanuni hizi hazibadiliki ila kamati ikae Embu mjini, na chai iwe imeletwa.

Mtihani wa cheti nao tuliuweka Embu mjini. Wananchi wengi walijiandikisha, lakini gari la kuwaleta lilikwama njiani, na kwa kuwa hawakuwa na vyeti hawangeweza kulisukuma. Tuliandika kwamba wananchi hawana hamu ya masomo. Tulibaki wawili. Bwana Mithika aliniuliza gari husukumwa kwa upande gani. Nikasema nyuma. Nikafaulu. Mimi nikamuuliza swali hilo hilo, akasema inategemea. Nikampa daraja la kwanza.

Utekelezaji ulikuwa mkali. Mzee Mbogo alishikwa kwa kuegemea lori. Alijitetea kwamba amechoka tu. Tulimweleza kwamba kuegemea ni kusukuma bila bidii, akalala ndani.

Sasa siku yenyewe. Mkuu wa Wilaya alikuwa anatungoja kambini kwa chifu, ili asikie habari za kanuni na kumpongeza Bwana Mithika. Mvua ilikuwa imekatika na jua kali limetoka. Tulipofika kwenye bonde na landrova, njia ilikuwa imezibwa. Lori la chai lilikuwa limezama hadi ekseli, limejaa magunia ya majani mabichi. Kulia ukingo, kushoto ukingo. Akina mama walikuwa wamekaa kwenye nyasi, mikono mapajani, wametulia kama wako ibadani.

"Nini hii?" Bwana Mithika aliuliza.

"Lori imekwama, Bwana D.O.," alijibu Gichovi, dereva wa lori.

"Si watu ni hawa? Wasukume!"

Nelius alisimama kwa heshima. "Hatuna cheti, Bwana D.O. Na Mbogo bado mgongo inamuuma, ile sakafu yenu ni baridi." Kisha sauti ikabadilika. Aliingiza mkono kwenye gunia lililokuwa karibu na mlango wa nyuma. "Lakini tafadhali, sikia vile imeshika joto. Ikikaa saa ingine inakuwa nyekundu, na fakitori hawachukui nyekundu. Hiyo ni wiki nzima ya mikono yetu. Watoto wangu wanangojea hiyo majani. Tusaidie."

Niliona machozi, na nakiri yalinichoma, ingawa hayakuwa kwenye ajenda.

"Basi nawaruhusu," alisema Bwana Mithika, akitazama saa yake. "Kanuni nimezisimamisha."

Hapo nilitimiza wajibu wangu kama katibu. "Mheshimiwa, kamati haijakaa. Na chai..."

"Njoka!"

"Chai ndiyo hiyo kwa gunia," Nelius alisema, "lakini kamati haiko. Sisi tunaogopa sheria. Si mlisema inakata mbele na nyuma? Wenye vyeti ni nyinyi wawili."

Gichovi alipanda kwenye usukani bila kuambiwa. Mbali, huko kambini, tulisikia watoto wa shule wakimwimbia Mkuu wa Wilaya wimbo wa kumkaribisha.

Bwana Mithika alivua koti. Alikwenda mbele ya lori, akalitazama, akarudi nyuma. Nelius akatuitia, "Harambeee!" nasi tukaitikia, kwa sababu bila kuitikia mabega hayakubali. Mara ya kwanza halikutikisika. Mara ya pili lilitikisika. Akina mama walijaza matawi chini ya magurudumu, kazi ambayo kamati ilisahau kuipiga marufuku, na mara iliyofuata lori lilinguruma, likaturushia bonde lote usoni, likachomoka. Halikusimama. Magunia yalipanda mlima kuelekea kiwandani, na Nelius akarukaruka akiimba.

Kisha dereva wetu, kwa haraka ya kumfikisha bosi, akaiingiza landrova kwenye shimo lile lile.

Hatukujadiliana. Tulikwenda nyuma, tukasukuma, ikachomoka. Dereva alikuwa mzaliwa wa Kibugu. Alikwenda zake kutafuta pakavu, na pakavu pa karibu palikuwa kambini, mbele ya Mkuu wa Wilaya.

Tukaanza kupanda mlima, viatu mkononi, tope hadi kwenye nyusi. Tuliwapita akina mama. Hakuna aliyecheka hata mmoja, maana kanuni ya tisa waliijua kwa moyo. Walisimama wima, wakatupungia mikono kwa adabu.

Walingoja tukate kona.