Tundu la Ua na Mti wa Mai

Jumatatu, 26 Januari
Daftari la marehemu baba limepotea. Jana, kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, nikifagia banda la vyungu vya miche ninayouza. Lina kumbukumbu thelathini na moja, moja kwa kila mwaka: siku ya kunyonyoa majani ya mti wetu wa mai ili maua ya njano yafunguke asubuhi ya Mwaka Mpya. Si kabla, si baada. Mwaka Mpya wetu, wa kalenda ya mwezi, ni tarehe 17 Februari. Mwaka pekee yalipowahi, yaani mwaka jana, baba alikufa mwezi wa tatu. Mama, miaka themanini na moja, amesema yakiwahi tena zamu ni yake. Alisema huku anamenya kitunguu, kama mtu anayetaja foleni ya kinyozi.

Jumatano, 28 Januari
Wazo! Jirani, Mzee Nhiên, naye ana mti wa mai, na hajawahi kukosea siku. Nimetoboa ua wa mianzi. Tundu moja, sentimita tatu. Mke wangu Duyên akauliza tangu lini nachungulia nguo za watu kambani. Nilianza na vyungu sita, sasa nina mia tisa. Sijibu maswali ya namna hiyo.

Alhamisi, 29 Januari
Saa moja na robo Mzee Nhiên katoka na ngazi. Ananyonyoa! Saa moja na nusu nami niko juu ya ngazi. Mama alirudi kutoka hekaluni saa tisa, akakuta mti mtupu kama kuku wa sikukuu. Akapapasa matumba, akauliza kama nimehesabu siku. Nikasema mara mbili. Haya mwanangu, akasema, wewe ndiye mwenye hesabu. Sikupenda alivyosema.

Jumamosi, 7 Februari
Matumba yamevimba. Mapema mno! Nikaenda kumlaumu Mzee Nhiên. Akanipa kadi nyekundu: anamwozesha binti yake Thoa tarehe 12, alitaka maua siku hiyo. Akauliza, kwani wewe Luom unamwozesha nani? Maua ya mai hayakai siku tano.

Jumapili, 8 Februari
Barafu kilo arobaini shinani, wavu mweusi juu, kuyachelewesha matumba. Nimemwambia mama ni kwa ajili ya panzi. Akauliza kama panzi wa siku hizi wanaogopa baridi. Duyên kapita na glasi, akaomba kipande cha kutia kwenye kahawa. Wao wanacheka. Mimi nahesabu pumzi za mama akilala mchana. Kumi na nne kwa dakika. Jana zilikuwa kumi na sita.

Alhamisi, 12 Februari
Yamefunguka. Ng'ambo ya ua wanaimba kwenye kipaza sauti. Mzee Nhiên akapaza sauti: Luom, mti wako umeshafika harusini, wewe je? Mama aliketi chini ya mti na chai yake. Kisha akatoa daftari mfukoni. Analo yeye! Nikalifungua kwa mara ya kwanza: mistari thelathini na mmoja, kila mwaka maneno yale yale: "Nimemuuliza Mama Luom. Amesema leo." Eti alilichukua ili nimuulize. Siku tatu akangoja. Mwenzangu ukaenda kuuliza tundu, akasema.

Jumanne, 17 Februari
Mwaka Mpya. Matawi matupu. Nilisimama mlangoni kwa mama nikisikiliza. Kimya. Nikafungua kwa mikono miwili. Kitanda kitupu! Yuko bustanini, kang'ang'ania tawi la chini, kule barafu ilikogusa. Hapo maua matatu yamefunguka leo. Akasema yanamtosha, na mwakani nimuulize yeye. Mwakani! Amelisema mwenyewe. Nilikaa chini pale pale, kwenye matope.

Baadaye hesabu. Kilo arobaini, maua matatu. Mti mzima, maua elfu moja na mia mbili, utataka tani kumi na sita. Kumbe barafu inafanya kazi!

Mama nitamuuliza. Ila mtu hategemei chanzo kimoja. Nimepitisha barua tunduni: Mzee Nhiên, umebakiwa na mabinti wawili. Mwakani unaozesha au huozeshi? Nataka ndiyo au hapana, kesho kabla ya saa sita mchana.