Sihesabiwi Kama Kuku

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Wanangu wamefanya kikao sebuleni kwangu, juu ya vitambaa vyangu vya mapazia, bila hata kuuliza kama kuna sindano. Ilikuwapo. Mkubwa ameikalia. Mungu si Athumani.

Habari yenyewe ni njema. Nakwenda ng'ambo! Mimi! Kumwona mdogo wangu, niliyembeba mgongoni mpaka mgongo ukashika umbo lake. Aliolewa huko, akabaki huko. Sasa macho yake yanazima. Daktari amesema mwaka ukiisha atakuwa anaona mwanga tu. Juzi kwenye simu aliniambia, Dada, njoo nikutazame ningali natazama. Nikamjibu asiniletee maneno ya kilio. Nikakata simu, nikalia mwenyewe.

Ugomvi uko kwenye namna ya kwenda. Mkubwa anataka niende na kundi. Kiongozi mwenye bendera, basi, kofia za njano, nchi nne kwa siku tisa. Mji wa mdogo wangu umepewa nusu siku. Nusu siku! Mimi na yeye salamu tu zinataka siku nzima. Nikasema nakwenda peke yangu, nikae naye nishibe. Mkubwa akasema huko hakuna anayejua Kiswahili, nitapotea. Nikauliza nilipotea lini.

Kosa. Wakaanza kutaja wote kwa zamu. Ile ya hospitali waliirudia, nilipokwenda kumtazama jirani aliyevunjika mguu nikatokea wodi ya wazazi. Lakini yule mtoto nilimpokea vizuri. Mama yake hakulalamika.

Kitindamimba, binti yangu wa mwisho, yuko upande wangu. Uamuzi Jumapili.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Jirani wa ghorofani ameshuka na picha zake. Alikwenda na kundi mwaka jana, na tangu arudi kofia ya njano haijamtoka kichwani, hata akianika nguo. Humu daftarini namwita Kofia Njano. Na mdomoni pia, likiniponyoka.

Picha zote ni kisogo cha mtu mwingine na robo ya uso wake. Huu mnara, anasema. Na huu mnara. Nikamuuliza nani aliishi mle. Hajui, basi lilikuwa linaondoka. Akasema raha ya kundi, shoga, ni kwamba huna haja ya kufikiri. Asubuhi wanakuhesabu, jioni wanakuhesabu. Nikamwambia kuku naye huhesabiwa, na mwisho wake tunaujua. Akaniuliza mimi nisiyejua lugha ya watu nitaulizaje njia, kwa cherehani? Akacheka mpaka kofia ikayumba.

Hapo ndipo akili iliponijia. Nikampigia Mkubwa. Nikamwambia anipe mtihani. Anishushe upande wa mji nisioujua. Nisitamke neno la lugha yetu hata moja, kana kwamba niko ng'ambo. Ninunue vifungo vyeusi vya koti, nirudi mwenyewe kabla jua halijazama. Nikifaulu, nakwenda peke yangu. Nikishindwa, navaa kofia.

Akakubali upesi mno. Sikupenda alivyokubali.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Mazoezi ya ububu. Mteja kaja kuagiza pazia. Nimemsikiliza kwa macho, nimemjibu kwa mikono. Tumeelewana vizuri ajabu! Nimekata kitambaa papo hapo.

Jioni amerudi. Pazia linatosha dirisha la choo. Yeye alitaka la sebule.

Haidhuru. Kilichopotea ni kitambaa, heshima ipo.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Niandike upesi kabla hawajaja kunicheka tena.

Mkubwa alinishusha na gari kwenye mtaa wa maduka, akaniuliza kama bado nataka. Nilimjibu kwa kichwa tu. Nilikuwa nimeshafika ng'ambo.

Duka la vifungo nililiona mara moja. Fundi hujua duka la vifungo kama paka anavyojua jiko. Nikaingia, nikaweka kidole kifuani, pale kifungo cha kwanza kinapokaa. Kisha cha pili, kisha cha tatu, nikishuka. Nani asingeelewa?

Mwenye duka hakuelewa. Aliona bikizee kashika kifua, na maumivu yanashuka tumboni. Akamwita mkewe. Mkewe akaita mtaa. Nikakalishwa, nikavuliwa viatu, nikapepewa kwa boksi la zipu. Nikatikisa kichwa kwa nguvu kusema siumwi. Wakasema maskini, na kichwa nacho kimeanza. Wakanishika huku na huku mpaka zahanati, nami siwezi kujitetea, mtihani ni mtihani.

Wakanipima presha. Ilikuwa juu. Walitaka iwe wapi?

Lakini sikutamka neno! Nimekaa kwenye benchi najisifu moyoni, mwanamke wa chuma, chui hana hila kama zangu. Ndipo akapita katoto ka kike na mama yake, kakakunja goti kidogo, kakasema shikamoo bibi.

Jamani! Kuna mtu aliyelelewa akaleleka anayeweza kuimeza marahaba? Ilitoka yenyewe kama chafya. Na haikutoka peke yake. Hujambo mwanangu, unasoma, nyumbani hawajambo, mbona umekonda hivi. Benchi zima likageuka. Mwenye duka akakaa chini polepole. Na mwisho wa benchi kikainuka kitu cha njano. Kofia Njano! Kafuata dawa ya magoti, na zahanati zote za mji huu hakuziona ila hii.

Habari zilifika nyumbani kabla yangu, zikavua viatu na kukaa.

Vifungo nilivipata lakini. Mwenye duka alinipa mwenyewe, akaniomba nisirudi.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Sijashindwa. Nimebadilisha njia tu. Kama siwezi kulikataa kundi, kundi linikatae mimi.

Wakala wa safari aliwaita leo wote watakaokwenda, tutembee na kiongozi hapa hapa mjini tupate kuzoeana. Kofia Njano naye yumo, anakwenda tena, anasema kwa ajili ya kunichunga. Nikajiapiza nitakuwa msafiri mbaya kuliko wote waliowahi kuzaliwa.

Kiongozi, kijana mwembamba mwenye bendera, alianza kueleza taratibu za safari. Mimi nikaanza kusalimia. Nilimsalimia kila mpita njia, na watoto wake, na kikohozi chake. Kijana akasema jamani, jengo hili tuna dakika kumi. Nikamwambia jengo halina haraka, haraka ni yake. Akasema lilijengwa na gavana fulani. Nikamwuliza huyo gavana alibeba mawe mangapi kichwani. Kundi likacheka. Sikutaka wacheke! Nilitaka wachukie.

Nikaona dawa ni kupotea. Nikakata kona kwenye uchochoro. Kugeuka, wote kumi na mmoja nyuma yangu, wanadhani ndiyo njia. Nikaongeza mwendo, nao wakaongeza. Nikajitosa kwenye nyumba ya mteja wangu wa zamani nijifiche. Wakaingia wote, hodi hodi. Mteja wangu ni mkarimu mpaka anakera. Akatoa viti, akatoa maji, akaanza kusimulia jinsi marehemu mumewe alivyoijenga nyumba akasahau mlango wa jikoni. Mzee mmoja aliyestaafu benki alicheka hadi akashika ukuta.

Kijana akaingia anahema, bendera imelala. Nikaunyosha uso, tayari kufukuzwa. Akasema tangu aanze kazi hajapata matembezi matamu hivi. Akasema bila mimi kundi haliondoki. Wakapiga makofi. Wananiita Mama wa Kundi.

Balaa gani hili!

Jumapili, tarehe 10 Machi

Kikao kilikuwa kifupi. Ahadi ni deni, navaa kofia. Mkubwa alinikumbatia kwa furaha, nikamfinya.

Nikampigia mdogo wangu. Nikamwambia nusu siku.  Akasema nusu siku inatosha, Dada, kwani uso wako una ukubwa gani? Nikacheka. Baada ya simu sikucheka.

Nikakaa na koti langu mapajani. Shule sikwenda, herufi nilizijulia kwenye foronya za maharusi, nikitarizi majina ya watu mpaka yakaniingia mikononi. Basi anwani ya mdogo wangu nimeitarizi ndani ya koti, kwenye bitana, kwa uzi mwekundu. Nakwenda na kundi. Tukifika mji ule, nalitoroka! Wakiondoka, waondoke na kofia yangu.

Siri hii haijui mtu.

Jumanne, tarehe 16 Aprili

Ng'ambo! Baridi inauma masikio kama shangazi mwenye hasira.

Siri iko salama. Nimemwambia mzee wa benki tu, maana tulikaa naye kwenye ndege, na kaapa huku akicheka, sijui anacheka nini. Kisha mkewe, si vizuri mke asijue jambo ambalo mumewe analijua. Kisha wale wawili wa nyuma, walikuwa wameshatega masikio. Kofia Njano sikumwambia ng'o. Yeye nilimwonyesha tarizi tu, kwa sababu aliusifu mshono.

Kesho ndiyo siku.

Jumatano, tarehe 17 Aprili

Asubuhi tulipelekwa nyumba ya makumbusho. Wenzangu wakitazama picha za marehemu wa watu, mimi nikaulizia choo kwa mkono, nikatokea mlango wa nyuma. Huru!

Nikasimamisha teksi. Nikasogea dirishani, nikafungua koti kwa mikono miwili aisome anwani. Dereva alinitazama, akafumba macho, akaondoka na mlango haujafungwa vizuri. Wa pili naye hivyo hivyo. Wa tatu alikuwa mwanamke. Akasoma bitana, akashika uzi, akatikisa kichwa kwa kustaajabu. Fundi mwenzangu, nadhani. Akanipeleka mtaa wenyewe. Kumbe ipo miwili yenye jina moja. Wa kwanza niligonga milango yote. Watu wazuri, mmoja kanipa soksi.

Nilipoufikia mlango wa mdogo wangu, jua limeshapita utosini na miguu si yangu. Nikagonga. Ukafunguliwa.

Kofia Njano! Kashika birika!

Nyuma yake kundi zima, wamebanana sebuleni, vikombe mkononi. Nilipotoweka kijana wa bendera alitaka kuzimia, na hapo kila mtu akamnong'oneza siri yangu sikioni, mmoja mmoja. Kofia Njano akataja anwani aliyoiona kwenye tarizi, wakapanda basi, wakaja moja kwa moja. Wamefika tangu saa tano asubuhi. Nusu siku yangu imenywewa chai! Nikaanza kugomba, nikaanza na kijana, nikahamia kwa mzee wa benki na kiapo chake.

Mdogo wangu hakungoja nimalize. Aliinuka kitini, akanishika mkono, akasema Dada, njoo dirishani penye mwanga.

Akaushika uso wangu kwa viganja. Akautazama. Paji, nyusi, pua, mdomo, akirudi alikopita, polepole, kama anayekagua kitambaa ambacho hakitapatikana tena dukani. Kofia Njano alivua kofia. Ana nywele nzuri kumbe.

Kisha mdogo wangu akasema, Dada, umezeeka vibaya. Nikamwambia bahati yake haoni sawasawa. Tukashikana, tukacheka, na maji ya macho yakatoka bila ruhusa.

Kijana akatazama saa. Nikajitanda mlangoni, nikamwambia kuniondoa hapa labda anifunge kamba. Akasema Mama, mwenye ndugu mjini huachwa kwa ndugu yake, kundi linampitia likirudi, wiki ijayo. Ndiyo taratibu. Akasema aliyaeleza yote siku ile ya matembezi, mwanzoni kabisa, na hakuna hata mmoja ambaye hakuyasikia.

Mwanzoni kabisa nilikuwa nasalimia.

Waliondoka. Wote waliniaga kwa kunikumbatia. Kofia Njano alinifunga skafu yake shingoni, akasema nisimpigie simu nikiugua. Namba kaniandikia mara mbili. Nimemwombea dua njema yule mwanamke, ila yeye asijue.

Jumapili, tarehe 21 Aprili

Raha haina mfano. Tunalala chumba kimoja kama zamani, tunasengenya waliokufa na walio hai. Kila asubuhi ananipeleka dirishani anitazame tena. Anasema leo pua imekaa vizuri kuliko jana.

Binti yake ni mtoto mwema lakini ana amri nyingi. Tusivuke barabara bila yeye. Tusiende mbali zaidi ya duka la mkate. Amesikia habari zangu, sijui kwa nani.

Sasa mdogo wangu kaniambia kuna maporomoko ya maji, mbali kidogo, nyuma ya milima. Alikwenda na mumewe walipokuwa wabichi. Anataka kuyaona mara moja tena, na anataka nikiwa ubavuni, nimwambie ambayo macho yake yatayakosa. Binti anasema tungoje, ipo safari nzuri ya wazee, ina kiongozi na bendera.

Kiongozi! Tumetazamana tu.

Kesho alfajiri tunakwenda kununua mkate, hivyo ndivyo tulivyomwambia. Treni inaondoka mapema. Sina wasiwasi hata kidogo. Yeye anaijua lugha lakini haoni vibao. Mimi naona vibao lakini sijui vinasema nini. Ukitujumlisha ni msafiri mmoja kamili.

Tutapotelea wapi?