Kengele Zipumzike

"Inatangazwa kwa waumini wote, walio hai na wanaotarajia kufariki, kwamba kuanzia Jumatatu kengele tatu za parokia yetu zitatunzwa kwa utaratibu wa kisasa. Hazitapigwa."

Tangazo hilo niliandika mimi, kwa mwandiko wangu wa shule ya msingi, nikalibandika kwenye mlango wa kanisa kwa gundi ya unga. Mimi ndiye Mtunza Daftari wa Kamati ya Uhifadhi, Historia na Ustawi wa Kengele. Nilichaguliwa kwa kura zote, maana siku hiyo wenzangu wote walikuwa wamesahau miwani nyumbani.

Uamuzi wenyewe ulitokana na utafiti. Mwenyekiti wetu, mkaguzi mstaafu wa mizani, aligundua kwamba kengele kubwa imechakaa pale inapogongwa, na pale isipogongwa haijachakaa hata kidogo. Akatuuliza, "Ndugu wajumbe, hapo mnajifunza nini?" Tukajifunza. Padri akakohoa kidogo, tukaandika kwamba ameafiki.

Basi ndimi za kengele, yale machuma yanayoning'inia ndani na kugonga, zikafunguliwa zote tatu, zikavishwa soksi zisishike kutu, zikafungiwa kwenye kabati la ofisi. Ufunguo akakaa nao Mwenyekiti. Anayetaka mlio ajaze Fomu ya Maombi ya Mlio, nakala tatu, siku saba kabla ya tukio. Kwa mlio wa msiba, mwombaji ni marehemu, na afike ofisini mwenyewe.

Aliyeumia ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Amepiga kengele zile miaka thelathini na mmoja. Hupaka grisi kila mwezi, hubadilisha kamba kabla haijakatika, na anajua kengele kubwa inataka uivute kisha uiachie, haitaki kunyang'anywa. Siku tunamzika kaka yake alipiga mapigo sitini na manane, moja kwa kila mwaka wa umri wake, analia na hesabu haijapotea. Na mimi aliniahidi hivyohivyo. Nina miaka sabini na sita, kwa hiyo suala hili naliangalia kitaalamu.

"Shemeji," akaniambia jikoni kwangu, "wakinitoa, nani atakupigia?"

"Hebu niache ninywe chai kwanza. Wanizika na kikombe mkononi?"

Nikacheka. Kikombe lakini nikakirudisha mezani kikiwa kimejaa.

Jumamosi Mwenyekiti alikuwa apande mnarani, athibitishe kwamba kazi ya mpiga kengele haipo tena, kisha shemeji akabidhi ufunguo wa mnara. Vilevile alitaka apime ukuta wa kubandika kibao cha historia. Historia yetu imo kwenye daftari: kengele ndogo ilikuja lini, ya kati ilipata ufa mwaka gani, na kila mtu aliyewahi kuipiga kengele kubwa ameandikwa na siku yake. Mwenyekiti alilisoma daftari lote, akasononeka sana. Yeye hayumo.

"Mheshimiwa," shemeji akamwambia chini ya ngazi, "kipandio cha tisa kimeoza. Nimeandika taarifa mara kumi na nne."

"Taarifa zako ziko Kamati Ndogo ya Mambo ya Juu."

"Ambayo haijakutana," nikasaidia, "kwa sababu mjumbe wake ni wewe peke yako, na hujajiita."

Akapanda. Ni mtu aliyejaaliwa mwili. Kipandio cha tisa kikamvumilia mpaka alipokiacha, halafu kikastaafu, kikaondoka na cha nane na cha saba. Mwenyekiti akajivuta juu, akaangukia katikati ya kengele.

"Jamani! Leteni ngazi!"

"Ngazi ndefu anayo fundi paa," shemeji akajibu, "kule ng'ambo ya soko. Yeye huja akisikia mapigo matatu ya dharura."

"Si mwende mkamwite!"

"Aende nani, Mheshimiwa? Mimi magoti haya," nikasema, "na huyu ndiyo hivyo, kazi hana tena."

"Basi pigeni kengele!"

"Ndimi ziko kabatini. Ufunguo unao wewe."

Ufunguo ukashuka kutoka juu, ukanikosa kidogo. Nikauweka mfukoni, nikatoa fomu.

"Mwombaji yu hai au ni marehemu?"

"Hai! Mama, wewe si unanijua tangu nabatizwa?"

"Nakujua, mwanangu. Siku hiyo pia ulipiga kelele hivihivi. Tukio litakuwa lini?"

"Sasa hivi!"

"Basi umechelewa siku saba."

Njiwa mmoja akatoka mnarani, nadhani alikuwa amesikia neno ambalo si la kanisani.

"Ifuteni hiyo fomu!"

"Inafutwa kwa sahihi ya Mwenyekiti."

Nikaandika kwenye daftari kwamba fomu imefutwa, kengele zitapigwa kama zamani, na shemeji abaki kazini mpaka atakapochoka mwenyewe. Chini kabisa nikaongeza mstari mmoja wangu. Shemeji akalifunga daftari na kalamu kwenye ncha ya kamba ya kengele, Mwenyekiti akavuta juu, akaliweka juu ya kengele ya kati, akatia sahihi bila kusoma, kama ilivyo kawaida ya kamati.

Likabaki tatizo dogo la kiufundi. Kufunga ndimi lazima upande juu, na ngazi ndiyo hiyo.

"Vua kiatu, Mheshimiwa," shemeji akamwelekeza. "Gonga kengele kubwa kwa kisigino, mara tatu. Polepole, usigombane nayo."

Akagonga. Fundi paa akaja mbio na ngazi begani, nyuma yake nusu ya soko na ndoo za maji wakidhani kanisa linaungua. Walipoinua macho wakamwona Mwenyekiti wetu mguu mmoja una kiatu, mwingine umevaa soksi, kama zile ndimi.

Jioni hiyohiyo nikamwingiza kwenye historia. Daftari linasema: "Kengele kubwa, mapigo matatu, Mwenyekiti, kwa kiatu cha kushoto."

Ule mstari wangu aliusoma Jumatatu. Unasema kwamba siku atakapozikwa Mtunza Daftari, kamba ataivuta Mwenyekiti kwa mikono yake, mapigo yote, shemeji akimsimamia. Sahihi ni yake, na pale tarehe nimeacha wazi.

Kwa hiyo kila Jumamosi yuko mnarani anajifunza. Anavuta kama mtu anayegombania mzigo, na shemeji anamkemea, "Achia, Mheshimiwa! Nimesema achia!" Mimi hukaa kwenye benchi nikisikiliza. Jasho linamtoka, kichwani bado hakuna kinachoingia, na mimi siwezi kwenda kuzikwa na mtu aliye bado mafunzoni.