Ufunguo wa Bomba la Mtaa

Jumatatu, 19 Januari

Balaa! Kikundi cha maigizo cha Bi Maisara kitaigiza uchochoroni petu Ijumaa, baada ya alasiri. Mchezo unamhusu mzee aliyelitia kufuli bomba la mtaa. Mtaa huu una mzee mmoja tu wa namna hiyo. Ni mimi.

Nililifunga kwa sababu nzuri: kelele za ndoo zinanikatiza usingizi wa mchana. Jirani yangu Bi Amne, mwenye magoti mabovu, sasa huteka maji mtaa wa pili. Anasema nitamuua. Anatia chumvi.

Lakini jina langu! Nitafute hila.

Jumanne, 20 Januari

Imepatikana. Nimemwomba Bi Maisara niigize huyo mzee mwenyewe. Nitamfanya mtu wa kuhurumiwa. Bi Maisara amesema hajapata kuona moyo kama wangu. Kweli kabisa.

Hamid muuza kahawa akaniuliza kama nahitaji mazoezi, au yale ya mwaka mzima yanatosha. Kahawa yake nimeimaliza.

Alhamisi, 22 Januari

Mazoezi. Bi Maisara alieleza kuwa mtazamaji yeyote anaweza kuinuka, akaingia mchezoni na kuugeuza. Sikusikiliza sana, nilikuwa nachagua kofia. Ufunguo wa kuigizia umepotea. Nitaleta wangu.

Ijumaa, 23 Januari

Watu hadi barazani! Nimesimama mbele ya bomba, sauti nzito, ufunguo mkononi. Mara Bi Amne akainuka. Mkono juu, anakuja kwa madaha, kama wanawake waendao kumtunza noti mwimbaji wa taarabu. Nikajua nimewagusa, natunzwa. Nikamnyooshea kiganja.

Akachukua ufunguo!

Akafungua bomba. Maji! Vigelegele! Nikafumba macho nikingoja matusi. Hayakuja. Hamid akapaza sauti: "Jamani, Mzee Haroub kautoa mwenyewe!" Bi Amne akaja na ndoo imejaa, machozi yamemlengalenga. "Mungu akuweke, Bwana Haroub. Leo magoti yangu yamepumzika."

Wameamini! Alhamdulillahi. Nimepumua mpaka kanzu imenipwaya.

Jumamosi, 24 Januari

Ndoo zimelia mchana kutwa. Nimelala fofofo. Nilipotoka, shikamoo kila mlango. Marahaba zimenikausha koo. Kumbe ukarimu ni mtamu hivi!

Nimeshanunua kufuli jipya. Kesho naufunga mlango wangu wa uani, watoto wanapokatiza kwenda chuoni kusoma Kurani. Wakishateseka vya kutosha, nitamwendea Bi Maisara anitungie mchezo mwingine.