Mafuta ya Mbegu na Moyo wa Mama Mkwe

Jumanne, 12 Novemba
Theluji mpaka magotini. Trekta limegoma kuwaka. Haidhuru. Leo nimemaliza kukamua mafuta ya mbegu za hempu. Chupa themanini, kijani kibichi. Lebo nimeandika mwenyewe: moyo, viungo, ngozi, usingizi, tumbo. Ilibaki nafasi, nikaongeza nywele. Mke wangu Orysia akaisoma, akanitazama upara, akarudi jikoni. Ndivyo anavyonikosoa, mwaka wa thelathini na moja huu.

Alhamisi, 14 Novemba
Mnada wa kanisa, ukumbini. Meza yangu imebanana na ya jirani yangu Lorne Wasylyk, mfuga nyuki. Nadhani padri alifanya makusudi. Lorne hajui biashara. Kwenye mitungi yake kaandika "Asali", basi. Watu wakimuuliza inasaidia nini, anajibu kuwa ni tamu. Na wanapanga foleni!

Kwangu alikuja mama mmoja tu, mgeni kutoka mjini Winnipeg. Akauliza kama mafuta yatamlevya, maana alisikia hempu ni ndugu wa bangi. Nikamwambia ni ndugu kweli, ila huyu ameokoka. Anywe hata ndoo, akili zake zitabaki palepale. Akasema kumbe, basi hana haja nayo. Akaenda kwenye asali.

Ndipo akaja mama mkwe, Mama Stefka. Miaka themanini na minne, vidonge vya moyo kila asubuhi. Akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: je, akinywa mafuta haya, vidonge vya daktari aviweke kando?

Lorne akaacha kupanga mitungi. Jibu nalijua kama jina langu: hapana. Nilichosema ni hiki: "Mama, si unaona moyo umeandikwa wa kwanza kwenye lebo?"

Akachukua chupa mbili. Foleni ikahamia kwangu. Zimebaki chupa sita tu. Wakati wa kufunga, Lorne akaniita Daktari. Nikamshukuru.

Ijumaa, 15 Novemba
Sina raha. Nimeshika simu mara nne nimpigie mama mkwe, nikaiweka mara nne. Nikimwambia leo, ataona jana nilimdanganya. Bora kesho, ana kwa ana, taratibu. Orysia ananiuliza mbona sili. Nikasema ni mafuta, hushibisha.

Jumamosi, 16 Novemba
Naandika usiku, koti bado sijalivua.

Wanawake walikuwa jikoni mwa kanisa tangu asubuhi, wakifinya pirohi, vijisambusa vya kuchemsha vyenye viazi na jibini, kwa chakula cha kesho. Mama Stefka alikuwa amesimama penye sufuria za maji yanayochemka, akiwakemea wanaofinya vibaya. Nilingoja awe peke yake. Kila nikisogea, kuna mtu. Nikala sahani moja nikingoja. Nikala ya pili. Nilikuwa kwenye ya tatu alipojishika ukingo wa meza, akateremka chini polepole kama anayetafuta kitu sakafuni. Hakuinuka.

Lorne ndiye aliyembeba. Gari lake, maana langu halikuwaka. Orysia akauliza njiani kama mama yake amebadilisha dawa yoyote. Nikatazama nje.

Hospitalini, kwenye korido, nilimwambia mke wangu kila kitu. Hakufoka. Alihama, akaenda kukaa kiti cha mwisho kabisa. Afadhali angenipiga.

Tulipoitwa ndani, nikamwambia daktari kwamba mgonjwa ameacha vidonge na mkosaji ni mimi. Mama mkwe akafumbua jicho moja.

"Nani kaacha vidonge? Nimevimeza leo asubuhi kama kila siku. Wewe nakuamini kwenye trekta, mwanangu, na hata huko si sana."

Daktari akasema ni kusimama kwa saa nne mfululizo kwenye mvuke bila kula. Supu, mapumziko, kesho anarudi kwake. Mafuta, akaniambia bila kucheka, ni chakula. Dawa ni dawa.

Nikamuuliza mama, sasa kwa nini aliuliza vile mbele ya watu?

"Nilikuona umekaa peke yako kama aliyesusiwa. Nikasema ngoja nimchangamshie meza."

Chupa zangu mbili? Amepaka buti zake za theluji. Ngozi imelainika sana, anasema.

Nililia, tena si kidogo. Orysia akaja kukaa karibu yangu. Lorne akaleta kahawa tatu, na hakuniita Daktari.

Jumapili, 17 Novemba
Baada ya ibada niliomba nafasi kwenye matangazo. Nikasimama, nikasema yeyote aliyeacha dawa za daktari kwa sababu ya mafuta yangu azirudie leo hii. Kisha kicheko, kuanzia kwaya. Hakuna aliyeacha hata kidonge kimoja. Mmoja anatia kwenye saladi. Mwingine anampa mbwa. Padri amepaka bawaba za mlango wa sakristia. Chupa sabini na nne zimeuzwa, na hakuna hata mtu mmoja aliyeniamini! Sijawahi kudharauliwa na nikafurahi namna hii. Nimelala mchana kutwa kama mtoto.

Ijumaa, 22 Novemba
Mama Stefka mzima, anakemea watu kwa simu. Orysia ameniapisha mbele ya ikoni, picha takatifu ya ukutani: nisiandike tena jina la ugonjwa wala kiungo cha mwili kwenye chupa yoyote. Nimeapa kwa moyo mweupe. Lebo zote nimezitia jikoni, kwenye moto.

Zile chupa sita nimezipa lebo mpya: "Mafuta ya Buti". Maneno matatu. Ukweli mtupu. Kesho nazipeleka sokoni.

Ila tufikiri kidogo. Buti likilainika, mguu unakaa mkavu. Mguu mkavu, damu inapanda vizuri. Na damu ikipanda vizuri, inakwenda wapi kama si kwenye moyo? Hilo sitaliandika, nimeapa. Nitalisema kwa mdomo.